KIA, Dar au Nairobi: Upandie ndege wapi?

Kila tunapofungua simu kwa wasikilizaji kuhusu safari za nje, swali moja hurudi. Mtu wa Arusha, Moshi au Babati apandie ndege KIA hapa jirani, au apande basi hadi Dar es Salaam au Nairobi ambako nauli ya ndege mara nyingi huwa ndogo? Mmoja ana mama anayekwenda kutibiwa India. Mwingine mtoto wake amepata nafasi ya masomo Uturuki. Mwingine anafuata mzigo Guangzhou au Dubai. Mara nyingi fedha zenyewe zimechangwa na ukoo mzima, na zikipotea njiani hakuna mchango wa pili.

Katika makala hii tumekusanya mambo ya kujua kabla ya kulipa. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba bei ya tiketi peke yake haitoshi kuamua. Piga hesabu kutoka mlango wa nyumbani hadi unakokwenda, kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: je, safari nzima iko kwenye tiketi moja, au ni tiketi mbili ulizoziunganisha mwenyewe?

Viwanja vinne, kazi tofauti

Mkazi wa kanda ya kaskazini ana viwanja vinne vya kufikiria.

Kiwanja cha Kimataifa cha Ndege Kilimanjaro, KIA, kilifunguliwa mwaka 1971. Kiko wilayani Hai, kilomita chache kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Kutoka Arusha mjini ni kama kilomita 50, na kutoka Moshi ni kama 40. Njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 3,600, hivyo ndege kubwa zinazokwenda Ulaya na Mashariki ya Kati hutua bila shida.

Kiwanja cha Arusha kiko Kisongo, kama kilomita 10 magharibi mwa mji. Hiki ni cha safari za ndani: ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti na kwingineko, na ndege za mapangaboi zinazokwenda Dar es Salaam na Zanzibar. Ndege kubwa za jeti hazikitumii.

Julius Nyerere, JNIA, ndicho kiwanja kikubwa kuliko vyote nchini. Jengo lake la tatu la abiria lilizinduliwa Agosti 2019 na lilijengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka.

Jomo Kenyatta, JKIA, kilifunguliwa mwaka 1958 kikiitwa Embakasi. Ni makao ya shirika la Kenya Airways na kitovu kikubwa cha usafiri wa anga katika ukanda wetu. Kutoka Arusha hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 270, kupitia Namanga.

Usichanganye KIA na Arusha. Kwenye tiketi na kwenye vibandiko vya mizigo viwanja hutambulishwa kwa herufi tatu: KIA ni JRO, Arusha ni ARK, Dar es Salaam ni DAR, Nairobi ni NBO. Kati ya Kisongo na KIA unavuka mji mzima wa Arusha, Tengeru na Usa River, kisha unaendelea hadi njia panda ya KIA. Mtu aliyekata tiketi ya kutua ARK saa nane mchana akidhani ataunganisha na ndege ya JRO saa kumi, amejitafutia presha.

Hata marubani wamewahi kuvichanganya. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege aina ya Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kuja KIA ilitua kiwanja cha Arusha, ambacho wakati huo njia yake ilikuwa na urefu wa mita 1,620 tu. Magurudumu yaliishia kwenye majani, na abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa sababu kiwanja hakikuwa na ngazi ya kuifikia ndege ya ukubwa ule. Hakuna aliyepoteza maisha, na siku chache baadaye ndege iliondolewa ikiwa tupu. Wakazi wengi wa Arusha waliokwenda kuishangaa siku ile walijifunza kwa macho tofauti ya kiwanja na kiwanja.

Kwa nini kiwanja kikubwa huwa nafuu?

Gharama ya kurusha ndege haipungui sana ikiwa na abiria wachache. Mafuta, marubani, wahudumu, ada za kutua na za kuongozwa angani hulipwa vilevile, iwe viti vimejaa au nusu viko wazi. Kiwanja chenye abiria wengi huwezesha shirika kujaza viti, na gharama ikagawanywa kwa watu wengi.

Sababu ya pili ni ushindani. Anayetoka Nairobi kwenda Dubai au Mumbai ana mashirika mengi ya kuchagua, na kila shirika linamwangalia mwenzake. Anayeondokea KIA ana machache. Kwa miaka mingi milango mikuu ya KIA kwenda nje ya Afrika Mashariki imekuwa Addis Ababa, Doha na Amsterdam.

Sababu ya tatu ni utalii. Ndege za kimataifa zinatua KIA hasa kwa ajili ya mlima na mbuga. Kwa hiyo nauli hufuata msimu wa wageni, si kalenda ya shule zetu wala ya hospitali. Kati ya Juni na Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba, viti huwa vichache na bei hupanda. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, watalii hupungua na ndipo nauli nzuri za KIA huonekana. Kama safari yako inaweza kusubiri, kusogeza tarehe kwa wiki mbili kunaweza kukusaidia kuliko kubadili kiwanja.

Umbali hauamui nauli kama wengi wanavyodhani. Kuna ndege zinazotua KIA kisha zikaendelea Dar es Salaam au Zanzibar. Abiria wawili waliokaa jirani, mmoja anashukia KIA na mwingine Dar, wanaweza kuwa wamelipa tofauti kabisa, na aliyesafiri umbali mrefu zaidi akawa ndiye aliyelipa kidogo. Shirika linauza kiti kulingana na soko la pale unapoanzia na pale unapoishia.

Hapo ndipo kuna mtego. Wapo wanaokuta tiketi inayoanzia KIA na kupitia Nairobi ni nafuu kuliko ile inayoanzia Nairobi. Wanainunua, kisha wanapanga kwenda Nairobi kwa gari na kupandia huko. Usifanye hivyo. Kwa kawaida ukiruka kipande cha kwanza cha tiketi, shirika hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi.

Swali la miaka hamsini

Kuchagua kati ya Kilimanjaro na Nairobi hakukuanza jana. KIA ilifunguliwa wakati Arusha ikiwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na lengo mojawapo lilikuwa wageni wa mbuga zetu waje moja kwa moja badala ya kushukia Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Hata hivyo Nairobi ilibaki na ndege nyingi zaidi. Mpaka ulipofunguliwa, magari ya Namanga yakarudi barabarani na mashindano yakaendelea.

Mizigo nayo ina hadithi hiyohiyo. Kwa miaka mingi maua na mbogamboga zinazolimwa Arusha na Kilimanjaro zimepakiwa kwenye malori ya baridi na kupelekwa JKIA, kwa sababu huko ndiko kwenye ndege nyingi za mizigo. Kiwanja kidogo kinakosa ndege kwa kuwa mizigo inakwenda kwingine, na mizigo inakwenda kwingine kwa kuwa kiwanja hakina ndege za kutosha. Kwa abiria ni vivyo hivyo. Hatusemi mtu alipe zaidi kwa uzalendo. Tunaeleza tu kwa nini pengo la bei limedumu.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufanyia hesabu tu; weka za kwako mahali pake.

Msafiri mmoja anatoka Moshi. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka KIA ni shilingi 2,400,000. Kutoka Nairobi ni 2,000,000. Kwa macho, Nairobi inaokoa 400,000.

Akipandia KIA, gari la kumpeleka na kumpokea ni 100,000. Jumla ni 2,500,000.

Akipandia Nairobi, basi dogo la kwenda na kurudi ni 160,000. Teksi kutoka kituo cha mabasi hadi kiwanjani, kwenda na kurudi, ni 80,000. Kulala usiku mmoja ni 90,000, na chakula 30,000. Hiyo ni 360,000 juu ya tiketi, na jumla ni 2,360,000.

Zile 400,000 zimebaki 140,000. Na safari imeongezeka siku mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kama msafiri ni fundi au mwenye duka ambaye faida yake kwa siku ni 70,000, hakuokoa chochote. Kama ni mwanafunzi ambaye siku zake mbili hazimpotezei kipato, 140,000 ni fedha.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa familia ya watu wanne. KIA ni 9,600,000 za tiketi na 100,000 za gari lilelile moja: jumla 9,700,000. Nairobi ni tiketi 8,000,000, basi 640,000, teksi 80,000, vyumba viwili 180,000 na chakula 120,000: jumla 9,020,000. Hapa wanaokoa 680,000, na wengi wangesema inafaa. Jibu limebadilika kwa sababu ya idadi ya watu, ingawa bei za tiketi ni zilezile.

Kwa anayefikiria Dar es Salaam, tofauti ni hizi. Hakuna mpaka wa kuvuka, na wengi wetu tuna ndugu wa kutulaza Mbagala au Kimara, kwa hiyo gharama ya kulala inaondoka. Lakini kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na basi huchukua saa kumi au zaidi. Usipange kufika Dar jioni na kuruka usiku huohuo. Gari likiharibika Korogwe au Chalinze, ndege haitakusubiri.

Kwa anayefikiria Nairobi, barabara imerahisishwa kuliko zamani. Tangu 2018 Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia ndani ya jengo moja. Sehemu ya kuogopa ni ile ya mwisho, kati ya Kitengela na Mlolongo, ambako foleni ya malori inaweza kula saa nzima au zaidi. Safari ambayo kwa kawaida ni saa tano au sita ihesabu kuwa saa nane.

Tiketi moja au mbili: hapa ndipo watu wanapoumia

Mwenzetu mmoja wa kipindi cha asubuhi alipata nafasi ya mafunzo nje ya nchi. Kwa kubana matumizi alikata tiketi mbili za mashirika mawili tofauti: ya kwanza kutoka KIA hadi kiwanja kikubwa, ya pili kutoka hapo kwenda alikokuwa anakwenda. Kati ya ndege na ndege aliacha saa nne na aliona zinatosha.

Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu. Aliposhuka, akasubiri begi lake, akapita uhamiaji, akakimbia hadi upande wa kuondokea, kaunta ilikuwa imefungwa. Shirika la pili likamwambia hakufika kwa wakati. Shirika la kwanza likamwambia limemfikisha pale alipolipia. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Alilala kwenye kiti cha kiwanjani, begi likiwa mto, huku sisi huku nyumbani tukichangishana kwa simu apate tiketi nyingine. Mafunzo yalianza bila yeye. Ile nafuu aliyoitafuta ililipwa mara tatu.

Kama safari yote ingekuwa kwenye tiketi moja, mambo yangekuwa tofauti. Mashirika mengi yana makubaliano ya kuuziana safari. Ukikata tiketi moja inayoanzia KIA na kuishia Mumbai kupitia Addis Ababa au Doha, mambo matatu hubadilika.

Kwanza, kipande cha kwanza kikichelewa ukaikosa ndege ya pili, ni wajibu wa shirika kukutafutia ndege nyingine bila kukuuzia tiketi mpya. Mara nyingi hukupa pia chakula na mahali pa kulala.

Pili, begi linafungwa kibandiko KIA na kwa kawaida unalipokea mwisho wa safari. Usiondoke kaunta kabla hujasoma herufi tatu zilizo kwenye kibandiko. Ziwe za mji unaoishia, si za mji wa kuunganishia.

Tatu, mgonjwa anayehitaji kiti cha magurudumu huombewa mara moja kwa safari yote, naye hupokewa mlangoni mwa kila ndege. Kwenye tiketi mbili unaomba mara mbili, na katikati mnajitegemea.

Utajuaje kama tiketi ni moja? Angalia namba ya kumbukumbu ya safari, ile yenye herufi na tarakimu sita. Vipande vyote viwe chini ya namba moja, au wakala akuoneshe kwa maandishi kwamba vimeunganishwa. Kisha muulize wakala maswali mawili: “Mzigo wangu nitaupokea wapi?” na “Nikiikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, nani ananipandisha nyingine?” Akianza kuzungukazunguka, jua ni tiketi mbili. Kwenye mitandao ya kuuza tiketi, soma hadi chini: wakikuandikia kwamba utachukua mzigo mwenyewe na kuukabidhi upya, umekwisha kupata jibu.

Kama lazima utumie tiketi mbili, acha usiku mzima katikati. Saa nne hazitoshi.

Na kumbuka anayerudi kutoka nje kupitia Dar es Salaam kisha KIA. Hata kwa tiketi moja, kwa kawaida utapita uhamiaji na forodha Dar, utachukua begi na kulikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Safari za kimataifa na za ndani hutumia majengo tofauti pale JNIA, na hayako chini ya paa moja. Acha nafasi ya kutosha.

Mpaka, viza na kadi ya manjano

Mtanzania anayekwenda Nairobi hahitaji viza ya Kenya, lakini anahitaji pasipoti au hati nyingine halali ya kusafiria. Gonga mihuri pande zote mbili pale Namanga, hata kama dereva ana haraka. Atakayefika JKIA bila muhuri wa kuingia Kenya atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Kwa wenye kupokea wageni, shemeji kutoka Ujerumani au rafiki kutoka Marekani, kuna jambo la kuwaeleza mapema. Tangu Januari 2024 Kenya inawataka wageni wengi kuomba idhini ya kusafiri kwa njia ya mtandao kabla ya kuja. Mgeni anayeshukia Nairobi na kuja kwa gari atalipia idhini hiyo na viza ya Tanzania pia. Ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda; Tanzania haimo. Mgeni anayebadilisha ndege tu Nairobi bila kutoka nje ya kiwanja hana gharama hiyo ya Kenya.

Kuna pia chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania hudai kadi kwa anayetoka huko, au aliyekaa katika kiwanja cha nchi ya aina hiyo kwa zaidi ya saa 12. Mgeni aliyetoka Ulaya moja kwa moja hadi KIA huenda asiulizwe. Yuleyule akilala Nairobi siku mbili, ataulizwa. Chanjo inapaswa kutolewa angalau siku 10 kabla, na tangu 2016 kadi yake ni ya maisha yote. Wewe mwenyewe ukichanja mara moja umemaliza, kwa hiyo itunze kadi hiyo pamoja na pasipoti.

Mambo yakiharibika

Kiwanja kikubwa kina sifa moja ambayo kidogo hakina: ndege nyingine. Safari yako ikifutwa Nairobi asubuhi, huenda ipo ya mchana au ya usiku. Shirika linaloleta ndege moja KIA kwa siku, au siku kadhaa tu kwa wiki, likifuta safari huenda ukasubiri hadi kesho au keshokutwa. Kwa mwenye miadi ya daktari au mtihani, hili lipimwe.

Lakini kiwanja kikubwa nacho kikianguka, huangusha wengi. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kuwasili ya JKIA na safari za kimataifa zikasimama. Tarehe 11 Septemba 2024 mgomo wa wafanyakazi ulikwamisha abiria katika kiwanja hichohicho. Siku kama hizo, aliyetoka Moshi kwa basi anajikuta nchi ya ugenini akiwa na mamia ya watu kwenye foleni moja. Aliyekwama KIA angalau anarudi kulala kwake.

Popote ulipo, begi likiharibika au lisipotokea, toa taarifa kwenye kaunta ya mizigo kabla hujatoka kiwanjani na upewe karatasi yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, kwa safari za kimataifa malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu siku uliyokabidhiwa. Tunapokea simu nyingi za watu waliosubiri mwezi mzima kwa upole. Shirika lisipokujibu, Tanzania kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Andika, ambatisha tiketi na ile karatasi, na ubaki na nakala.

Nani achague nini?

Mgonjwa na anayemsindikiza: KIA, kwa tiketi moja, hata kama imezidi kidogo. Saa nane za gari kwa mtu mwenye mgongo au goti lililopasuliwa ni gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Na wakati wa kurudi atakuwa dhaifu kuliko alivyokwenda.

Mwanafunzi anayeondoka kwa mwaka mzima: linganisha zote tatu. Ana mabegi mengi, kwa hiyo uliza kilo zinazoruhusiwa kabla ya kufurahia bei. Kilo za ziada kwenye kaunta zinaweza kumaliza nafuu yote.

Mfanyabiashara anayesafiri mara kwa mara: Nairobi au Dar inaweza kumlipa, kwa kuwa anaijua njia na ana mahali pa kulala. Ila anaporudi na mzigo kupitia Namanga, forodha inamsubiri na ankara ziwe mkononi.

Familia kubwa isiyo na haraka: piga hesabu kama tulivyoonesha. Hapa ndipo kiwanja kikubwa hushinda mara nyingi.

Anayekwenda msibani au mwenye siku maalumu ya kufika: angalia kwanza ndege inayofika mapema zaidi, na acha siku moja ya akiba. Bei ije baadaye.

Kabla hujalipa

Chukua karatasi na uandike majibu ya maswali haya. Bei ya tiketi pamoja na kodi na begi ni kiasi gani? Nitafikaje kiwanjani, saa ngapi, na nitalala wapi? Tiketi ni moja au mbili? Ndege ikifutwa, inayofuata ni lini? Nahitaji hati gani katika nchi ninayopitia? Nikibadili tarehe, ninatozwa nini?

Fanya hivyo kwa KIA, kwa Dar na kwa Nairobi, kila kimoja na safu yake. Ukimaliza, mpe mtu mwingine nyumbani aisome kabla ya kutuma fedha, hasa kama fedha hizo ni za mchango. Wasikilizaji wawili walitupigia mwaka jana kutuambia kwamba walipoandika hivyo, wote walibadili uamuzi: mmoja aliiacha Nairobi akarudi KIA, mwingine aliiacha KIA akaenda Dar kwa dada yake. Kila mmoja aliandika hesabu yake, na wote wawili walifika salama.